Fedha ya Chumba na Aibu ya Kuuliza

Kila mwaka, vyuo vikuu vinapokaribia kufunguliwa, twawaona vijana wetu wakishuka katika mabasi yatokayo Tanga, Lindi, Tabora na Kigoma, na wengine katika boti za Unguja na Pemba, wakiwa na masanduku yao na barua zao za kukubaliwa chuoni. Hili ni jambo la kumshukuru Mwenyezi Mungu. Wako wazee wetu wengi walioitamani siku kama hii wasiione, na leo wajukuu wao, wa kiume na wa kike, wanaingia katika milango ya elimu ya juu. Lakini kabla kijana hajaingia darasani hapana budi apate pahali pa kulala, na hapo ndipo anapokutana na mtu aliyekuwa akimngoja. Mtu huyo hana shamba wala duka. Mtaji wake ni maneno matamu, simu ya mkononi na ugeni wa kijana wetu.

Mwezi huu twapenda kuzungumza na wasomaji wetu, khasa wazazi na vijana walioko vyuoni au wanaojitayarisha kwenda, juu ya hila hii ya kuwala wanafunzi fedha za vyumba. Huenda mtu akasema kwamba hilo ni jambo la polisi na mahakama, si la gazeti la dini. Sisi twaona kinyume. Mali ya Muislamu ni amana, sakafu anayolalia mtoto wake ni sehemu ya malezi yake, na mlango ambao laghai huyu hupitia ni mlango ambao sisi wenyewe, majumbani mwetu, tumeuacha wazi. Mlango huo ni aibu: aibu ya kuuliza, aibu ya kuandikiana, na aibu ya kusema mtu anapokuwa amekwisha dhulumiwa.

Shida yenyewe ilipoanzia

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwezi wa Oktoba 1961 kwa wanafunzi wasiofika 20, wote wakisoma sheria. Mwaka 2017 yalifunguliwa chuoni hapo mabweni mapya yenye nafasi za wanafunzi 3,840. Mtu akisikia idadi hiyo atadhani shida imekwisha. Lakini wanafunzi wa chuo hicho leo wanahesabiwa kwa makumi ya maelfu, na mji wa Dar es Salaam una vyuo vingine vingi, vikubwa kwa vidogo. Wale wasiopata nafasi mabwenini hawana ila kutafuta vyumba mitaani: Sinza, Mwenge, Ubungo, Makongo, Changanyikeni na kwingineko. Na wote hutafuta katika majuma yale yale machache kabla masomo hayajaanza. Penye wahitaji wengi na vyumba vichache, hapo ndipo laghai anapotandika mkeka wake.

Tena iko desturi ya mji inayomsaidia. Kupata chumba Dar es Salaam aghlabu humlazimu mpangaji kulipa kodi ya miezi 3, au 6, au hata mwaka mzima kwa mara moja, na juu yake kumpa dalali ujira wake, ambao kwa kawaida ni sawa na kodi ya mwezi mmoja. Natupige mfano. Chumba cha shilingi 60,000 kwa mwezi, kikitakiwa kodi ya miezi 6, ni shilingi 360,000. Ongeza 60,000 za dalali, zinakuwa 420,000. Kwa hiyo kijana aliyetoka Pemba, ambaye baba yake ameuza karafuu au mama yake ameuza mbuzi, anapita katika mji asioujua akiwa na fedha zote hizo ndani ya simu yake, na anatakiwa kuzitoa kwa mtu aliyemjua kwa muda wa saa moja. Huyo ndiye anayewindwa.

Namna wanavyowala

Hila zao ni nyingi, lakini mashina yake ni machache, na akiyajua mtu mashina hataghuriwa na matawi.

Shina la kwanza ni kupangisha kisichokuwa chako. Laghai huchukua picha za chumba kizuri, pengine cha nyumba iliyoko mtaa mwingine kabisa, akazieneza katika simu za watu pamoja na bei ya chini kuliko ya soko. Mwanafunzi akimpigia, huambiwa: Wako watu watatu wanakitaka chumba hiki, lakini mimi nimekupenda wewe kwa kuwa ni mwanafunzi, tuma arabuni, yaani fedha ya kushika chumba, nikuwekee. Kijana akishatuma, simu haipokelewi tena. Wako na wengine walio wajasiri zaidi. Hao hupanga chumba kwa siku chache, wakakaa na ufunguo mkononi, wakawa wanawaonyesha watu chumba hicho kana kwamba wao ndio wenyewe. Mmoja hulipa asubuhi, wa pili adhuhuri, wa tatu alasiri. Na siku ya kuhamia hukutana watu watatu mlangoni, kila mmoja na mizigo yake, na aliyepokea fedha zao hayuko.

Shina la pili ni kujifanya mtu ambaye siye. Wasomaji wetu wa Tanzania bila shaka wamekwisha kuuona ule ujumbe mfupi unaoingia katika simu pasipo salamu, ukisema kwamba mimi ndiye mwenye nyumba wako, namba yangu ile ina matatizo, ile kodi nitumie kwa namba hii. Mwenye kuupeleka hamjui anayempelekea. Hutupa nyavu baharini kwa maelfu ya watu, akijua kwamba miongoni mwao hawakosi wapangaji ambao siku hiyo hiyo walikuwa wakijitayarisha kulipa kodi. Mwanafunzi mwenye khofu ya kufukuzwa hutuma kwanza, kisha ndipo hufikiri.

Shina la tatu latuuma zaidi, kwa sababu mwenye kulifanya si mwizi wa njiani bali ni mwenye nyumba wa kweli au dalali wa kweli, na pengine twasimama naye katika safu moja ya Sala. Huyu hupokea arabuni ya mwanafunzi, kisha akija mwenye fedha zaidi humpa huyo chumba, na arabuni ya yule wa kwanza harudishi. Au hupokea amana ya kulinda nyumba, na kijana anapohama humtafutia sababu: rangi imefifia, kitasa kimelegea, sakafu imechubuka. Huyu hujiona ni mfanyabiashara hodari tu, wala hajioni kuwa ni laghai.

Aibu ndiyo mtaji wao

Sasa na tujiulize: kwa nini hila hizi huwapata vijana wenye akili, waliofaulu mitihani, wanaosoma sheria na hesabu na uganga? Jawabu si ujinga. Jawabu ni aibu.

Kijana wetu amelelewa, na ni malezi mema, kuwaheshimu wakubwa. Dalali akiwa ni mtu mzima, akamwita mwanangu, kijana huona vibaya kumwambia: Mzee, naomba unionyeshe kwamba nyumba hii ni ya nani. Akiona kanzu na kofia, ndio kabisa ulimi humshika; hudhani kwamba kumtaka Muislamu mwenziwe karatasi ni kumtuhumu wizi. Laghai analijua hilo. Baadhi yao huanza maneno yao kwa Bismillahi na huyakatiza kwa wallahi, ili aibu ya kijana izidi.

Ndugu zetu, dini yetu haikutufundisha hivyo. Aya iliyo ndefu kuliko aya zote za Qur'ani, nayo ni ya 282 katika Suratul Baqara, haizungumzi Sala wala Saumu; yazungumza kuandikiana deni, mwandishi mwadilifu na mashahidi, na imewakataza watu wasione uvivu kuandika, liwe jambo dogo au kubwa. Na wa kwanza kuamrishwa hayo walikuwa Masahaba, watu ambao uaminifu wao sisi hatuufikii hata ukucha. Ikiwa wao hawakuona kuandikiana ni kutuhumiana, sisi ni nani? Wahenga wetu wa Kiswahili walilielewa hilo waliposema kwamba mali bila daftari hupotea bila khabari. Karatasi haimtuhumu mwaminifu. Humlinda mwaminifu, na humuudhi laghai peke yake.

Aibu nyingine ni ile ya baada ya msiba. Kijana aliyeliwa fedha zake huona haya kumwambia baba yake. Humjua baba alivyohangaika kuzipata, na huyasikia masikioni maneno ya jirani: Huyu ndiye mliyesema ana akili? Basi hunyamaza. Hukopa kwa wenziwe, hulala leo kwa huyu na kesho kwa yule, na fedha za chakula azipatazo kutoka Bodi ya Mikopo, ambazo wanafunzi huziita bumu, huzila deni. Masomo huanza kumponyoka. Na kwa binti zetu khatari ni kubwa zaidi. Binti aliyepotewa na fedha ya chumba juma la kwanza, katika mji asiokuwa na ndugu, hupata upesi watu wa kumtolea msaada wenye bei. Mzazi ambaye mwanawe anamwogopa hata hawezi kumwambia nimedhulumiwa, amemwacha mwanawe peke yake mbele ya watu kama hao. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na mficha dhuluma humnenepesha dhalimu, kwani kila anayenyamaza humwachia laghai nafasi ya kumla wa pili na wa tatu.

Sharia yasemaje

Kuhusu shina lile la kwanza, hukumu yake iko wazi. Hakim bin Hizam, Allah amwie radhi, alimweleza Bwana Mtume (S.A.W.) kwamba watu humjia wakitaka kununua kitu ambacho hanacho, naye huwauzia kisha akaenda kukitafuta sokoni. Mtume alimkataza kuuza asichokuwa nacho. Na Hakim alikuwa mtu mwaminifu, mwenye nia ya kukitafuta kitu na kukileta. Basi itakuwaje hali ya yule anayepangisha nyumba isiyokuwa yake, hana idhini ya mwenyewe, wala nia ya kuleta chochote?

Tena tunayo khabari ya Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni akatia mkono wake katika lundo la chakula, akakuta ndani mna unyevu ambao haukuonekana juu. Mwenye chakula alisema kuwa kimenyeshewa mvua. Mtume alimuuliza kwa nini hakuuweka unyevu ule juu watu wakauona, kisha akamtoa mwenye kughushi katika umma wake. Twaomba wenye nyumba wailinganishe khabari hii na vyumba vyao. Chumba kinachoingia maji wakati wa masika, kikapakwa chokaa ili mwanafunzi asione alama ukutani, ni lundo lile lile lililokauka juu na kulowa ndani.

Ama madalali, wasidhani kwamba twaichukia kazi yao. Udalali ni kazi ya halali, na Imamu Bukhari katika Sahihi yake ameuwekea mlango wake ujira wa dalali. Sahaba Qays bin Abi Gharaza amepokea kwamba wao zamani walikuwa wakiitwa madalali, na Mtume (S.A.W.) akawapa jina lililo bora kuliko hilo, akawaita wafanyabiashara, na akawausia waichanganye biashara yao na sadaka kwa sababu ya upuuzi na viapo vinavyoingia ndani yake. Dalali mwema humwondolea mgeni taabu. Dalali mwovu huigeuza taabu ile ile ya mgeni kuwa chakula chake.

Liko pia suala la arabuni, na wasomaji wetu wengi, kwa kuwa ni wafuasi wa Imamu Shafii, yawapasa kulijua. Maimamu watatu, Abu Hanifa, Malik na Shafii, hawakuruhusu muuzaji kuimeza arabuni ya mnunuzi aliyeghairi. Imamu Ahmad aliruhusu, akitegemea khabari ya Nafi' bin Abdul Harith aliyemnunulia Sayyidna Omar nyumba katika mji wa Makka kutoka kwa Safwan bin Umayya. Na mwaka 1993, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Brunei, liliamua kwamba arabuni yafaa iwapo muda wa kungoja umewekwa na kujulikana, na likaitia ijara, yaani kupangisha, katika hukumu hiyo. Hivyo mwenye kufuata ruhusa hii na asisahau sharti lake: muda uwekwe. Na wote wamekubaliana katika hili, kwamba ikiwa aliyeghairi ni mwenye nyumba, hana haki na senti moja ya arabuni ile. Anayempa chumba mtu mwingine kisha akazikalia fedha za wa kwanza, asijifiche nyuma ya imamu yeyote.

Na amana ya kulinda nyumba, je? Wanavyuoni wamesema kwamba mpangaji ni mwenye kuaminiwa juu ya nyumba anayokaa. Halipi ila kwa kile alichokiharibu kwa kuvuka mpaka au kwa kuzembea. Rangi iliyofifia kwa jua na kitasa kilicholegea kwa kufunguliwa kila siku ni gharama za mwenye nyumba, kwa sababu ndiyo matumizi aliyolipiwa kodi. Kumkata mwanafunzi fedha kwa mambo hayo ni kula mali ya watu kwa batili.

Jambo moja la Uingereza

Wako miongoni mwetu wanaopeleka watoto kusoma Uingereza, na huko pia laghai hajalala. Humwandikia kijana angali kwao, kabla hajapanda ndege, akisema kwamba yeye mwenye nyumba yuko safarini, hawezi kumwonyesha chumba, lakini akipeleka amana na kodi ya mwezi wa kwanza ataletewa ufunguo. Kijana hufika mlangoni akakuta watu wengine wanakaa, hawajui lolote. Dawa yake ni kutafuta chumba kupitia ofisi ya malazi ya chuo chenyewe, na asitoe fedha kabla chuo hakijamthibitishia.

Lakini twalitaja jambo la Uingereza kwa sababu nyingine pia. Huko England na Wales, tangu Aprili 2007, mwenye nyumba anayepokea amana ya mpangaji wa kawaida hana ruhusa ya kuizungusha apendavyo. Yampasa aiandikishe katika mpango maalumu uliokubaliwa na serikali, na muda wa kufanya hivyo sasa ni siku 30. Asipofanya, mahakama yaweza kumlipisha kati ya mara moja na mara tatu ya amana yenyewe. Na tangu Juni 2019, England imeweka kwamba amana isizidi kodi ya majuma 5 kwa nyumba za kodi ya kawaida. Wakigombana, yuko mtu wa tatu wa kuamua.

Msomaji wa fiqhi akisikia hayo hatastaajabu. Katika mlango wa rehani, wanavyuoni wetu walikwisha sema kale kwamba rehani yaweza kuwekwa kwa mtu wa tatu, mwadilifu, anayeridhiwa na pande zote mbili. Jambo tulilokuwa nalo vitabuni kwa karne nyingi, wengine wamelitia katika sheria ya nchi yao, na sisi bado hatujalizoea katika mitaa yetu. Hapana kinachotuzuia. Mwenye nyumba na mwanafunzi wakikubaliana, amana yaweza kukaa kwa mtu mwaminifu wa mtaa anayejulikana, kwa maandishi, mpaka siku ya kuhama.

Ya kushikwa na kijana na mzazi

Ewe kijana wetu, usitoe fedha, hata iwe shilingi elfu kumi ya kushika nafasi, kabla hujaingia ndani ya chumba kwa miguu yako na kuuona ufunguo ukifungua kitasa. Uwaulize wapangaji waliomo: Mwenye nyumba ni nani, na kodi mwampa nani? Neno la mpangaji mmoja aliyekaa mwaka ni bora kuliko picha mia. Kisha uende ofisi ya Serikali ya Mtaa ukamuulize mwenyekiti au mjumbe kama nyumba ile anaijua na mwenyewe anamjua. Mkataba uandikwe, utaje majina kamili, chumba, kodi, muda, amana na masharti ya kuirudisha, nanyi mtie sahihi mbele ya mashahidi. Na desturi ya kushuhudisha mkataba hapo hapo Serikali ya Mtaa ni desturi njema, ishike. Ukilipa kwa simu, tazama jina linalotokea kabla hujathibitisha. Lisipokuwa jina lile lililomo katika mkataba, simama. Na ujumbe ukikujia kutaka kodi kwa namba nyingine, usiujibu. Mpigie mwenye nyumba kwa namba yake unayoijua, au uende kwake.

Zaidi ya yote, ukiambiwa wahi, kuna mwingine anakuja, ujue kwamba hapo ndipo pa kukawia. Chumba kikikuponyoka, Mwenyezi Mungu ataleta kingine. Kodi ya miezi 6 ikikuponyoka, baba hana karafuu nyingine mpaka msimu ujao.

Na wewe mzazi, usimhimize mwanao kwa simu: Lipa, lipa, tumalize. Mpe siku tatu za kutafuta. Mtafutie kwanza jamaa au Muislamu unayemjua mjini amtembeze, na asimwache binti kufuatana na dalali peke yake katika nyumba tupu. Kabla hajaondoka, mwambie neno hili kwa kinywa chako mwenyewe: Mwanangu, ukidhulumiwa, mimi ndiye wa kwanza kuambiwa, wala sitakugombeza. Neno hilo halina gharama, na huenda likamwokoa mtoto wako.

Ikiwa balaa imekwisha kutokea, saa ya kwanza ni ya thamani kuliko juma zima linalofuata. Kijana aiarifu mara moja kampuni ya simu, kwani fedha zisipokuwa zimetolewa huenda zikazuiliwa. Katika Tanzania, namba ya laghai hupelekwa kwa ujumbe mfupi kwenda 15040. Huko Kenya, wateja wa Safaricom hupeleka ujumbe wa utapeli kwenda 333. Kisha aende polisi na kila alichonacho: ujumbe, risiti, picha, namba. Kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa la jinai. Katika Tanzania, kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu chamfikisha mkosaji kifungo cha miaka 7, na Kenya, kifungu cha 313 cha sheria kama hiyo chamfikisha miaka 3. Na asivifute vile vijumbe kwa hasira au kwa haya. Hivyo ndivyo mashahidi wake.

Mapatano ya Makka na misikiti yetu

Kabla ya Utume, mtu mmoja wa Zabid, katika nchi ya Yemen, alifika Makka na bidhaa zake. Akazinunua mkubwa mmoja wa Makureshi, Al-As bin Wail, kisha akakataa kumlipa. Mtu yule alikuwa mgeni, hana kabila pale mjini la kumtetea. Lakini hakuona aibu. Alipanda juu ya mlima wa Abu Qubays akapaza sauti yake, akaitangaza dhuluma aliyotendewa. Watu wema wa Makka wakakusanyika katika nyumba ya Abdullah bin Jud'an, wakafanya mapatano yanayojulikana kwa jina la Hilful Fudhul, kwamba watakuwa mkono mmoja pamoja na kila aliyedhulumiwa katika mji wao, awe mwenyeji au mgeni, mpaka arudishiwe haki yake. Wakamwendea Al-As, mali ikarudi. Mtume wetu (S.A.W.) alihudhuria mapatano yale akiwa kijana wa miaka kama 20, na baada ya kupewa Utume alisema kwamba lau angeitwa kwa mapatano kama yale katika Uislamu, angeitika.

Twaomba wasomaji wetu wayatazame mambo mawili katika kisa hiki. La kwanza, mgeni alisema. Lau angeliona haya akarudi Yemen kimya, pasingekuwa na Hilful Fudhul. La pili, wenyeji walisikia. Hawakumwambia: Ulikuwa wapi akili zako? Walimwendea dhalimu.

Misikiti iliyo karibu na vyuo vyetu yaweza kufanya jambo hili bila ya gharama kubwa. Kamati ya msikiti, pamoja na jumuiya za wanafunzi wa Kiislamu vyuoni, zaweza kuweka daftari la nyumba zinazojulikana na wenye nyumba waaminifu. Zaweza kuchagua watu wazima wawili, mume na mke, wa kufuatana na wanafunzi wageni kwenda kutazama vyumba katika majuma yale ya mwanzo. Zaweza kumshika mkono kijana aliyeliwa fedha zake na kumpeleka polisi siku ile ile, na kumpatia binti pahali pa heshima pa kulala mpaka mambo yake yatengenee. Na ikiwa aliyemdhulumu ni mtu wa safu ya mbele msikitini, basi wazee wamwendee yeye kwanza, kama alivyoendewa Al-As, wamwambie kwa heshima na bila ya khofu: Rudisha.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awalinde watoto wetu katika miji ya ugenini, awape wenye nyumba na madalali wetu riziki ya halali iwatosheleze na haramu, na atujaalie sote ulimi usioona haya kuidai haki wala kuisema dhuluma. Amin.